Ndugu Ruka-Dimbwi, Viatu Vyako Viko Tayari

Dukani kwangu, 4 Machi

Kwako Kidolegumba, mjukuu wangu, mtoboaji wa viatu tangu utotoni,

Pokea salamu nyingi kuliko misumari iliyomo mdomoni mwangu sasa hivi, nayo ni tisa. Huku hatujambo. Mama yako hajambo mwili mzima isipokuwa ulimi, ambao haupumziki. Bado ananitaka nifunge duka nihamie kwake nikalinde televisheni. Mjomba wako amefuga masharubu. Tunamwombea.

Nakuandikia kukujulisha kwamba ile kompyuta bapa uliyoniletea nimeshaimaliza. Asubuhi moja tu! Nimeiwasha, nimeiingizia viatu vyote vya dukani, sasa nimekaa naitazama ikichapa kazi. Majirani hapa sokoni wanapanga foleni kunishangaa. Wewe miaka minne chuoni, mimi asubuhi moja. Sijui hao walimu wenu huwa wanawasubirisha nini.

Haya, nisiidanganye karatasi nzima. Bado iko kwenye boksi. Boksi lenyewe nimelikalia, maana kigoda changu kilivunjika Jumanne na boksi lina kimo kizuri. Usishtuke, nakaa upandeupande.

Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Nilichoelewa ni hiki: unasomea mambo ya kompyuta na biashara, unamaliza mwaka huu, na chuo kinataka utengeneze mfumo wa kutunza habari za biashara ya mtu wa kweli. Mtu wa kweli umeniteua mimi. Asante. Nisichoelewa ni pale ulipoandika "tatizo la mteja". Mimi sina tatizo. Nina jozi mia na kumi na mbili za viatu kwenye rafu ambazo wenyewe hawaji kuzichukua, nyingine zimekaa mpaka mtindo ukapitwa na wakati kisha ukarudi. Hilo si tatizo, ni tabia za watu.

Na usipige simu. Fundi viatu haongei na simu, mdomo wake ndio mkebe wa misumari. Andika, mpe karani wa mizigo wa basi kama kawaida.

Babu yako,
Mtu wa Kweli


Bwenini, 13 Machi

Shikamoo babu,

Natumaini hujambo na kwamba ile misumari tisa haijashuka tumboni. Mimi mzima. Chumbani tuko wanne, dirisha moja, na mwenzangu wa kitanda cha juu hata akisinzia mchana anaota programu. Jana kaamka akipiga kelele, "Funga mabano!" Msalimie mama. Mjomba mwambie tunasubiri picha.

Babu, INUKA KWENYE BOKSI. Kilichomo ni kishikwambi, tena ni mali ya chuo, nimekiwekea sahihi yangu.

Nisikilize vizuri. Masomo mengine yote nimeshamaliza. Kati yangu na shahada umebaki mradi huu mmoja. Mfumo lazima utumiwe na mtu wa kweli kwa siku zisizopungua thelathini, halafu msimamizi wangu, mhadhiri mmoja ambaye hajawahi kuonekana akicheka, aje kuuona kwa macho yake. Usipotumiwa, sihitimu. Nasema hivi safari hii ili tuelewane mapema.

Kazi yako ni ndogo. Bonyeza kitufe cha ubavuni mpaka kiwake. Kwa kila jozi jaza jina la mteja, namba ya simu, tarehe aliyoleta, kisha gusa TAYARI au BADO. Basi.

Na ukinisaidia, nikimaliza nitakuongezea kwenye mfumo kitu kimoja utakachotaka mwenyewe, chochote. Nimeahidi kwa maandishi.

Mjukuu wako,
Kidolegumba (jina ambalo naomba lisifike kwenye hati yoyote ya chuo)


Dukani, 25 Machi

Kidolegumba wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako kanunua televisheni ya pili, nahisi ni chambo. Masharubu ya mjomba wako yameota upande mmoja tu. Mkewe anasema upande wa pili unafikiria.

Kishikwambi! Jina kama la ugonjwa wa kuku. Lakini kimewaka. Nisijisifu tena, aliyepata kitufe ni fundi cherehani, yule mama ambaye mlango wake unatazamana na wangu hapa koridoni. Ana vidole vyembamba. Alikuwa amekuja kuulizia viatu vyake, nikamwambia bado.

Sasa sikia taabu yangu. Hiki kidude kinadai jina la mteja. Nikipaacha patupu kinanigombeza kwa maandishi mekundu: SEHEMU HII NI YA LAZIMA. Hata marehemu bibi yako hakuwahi kunigombeza kwa rangi.

Mjukuu wangu, mimi majina ya watu siyajui! Miaka arobaini na moja nimekaa hapa, ninachokiona ni soli. Mtu akileta kiatu namwandikisha namba yake ya simu kwa chaki chini ya soli, basi, namba ninazo zote. Lakini jina la nini? Nikigeuza kiatu namjua mwenyewe kuliko anavyojuliwa na mama yake. Huyu anaburuta wa kushoto kama anavuta mbuzi asiyetaka kwenda. Huyu anagonga visigino kama ana kesi na ardhi. Huyu mama hagusishi kidole chini, utadhani mchanga unauma. Hayo ndiyo nayajua, na kidude hakina sehemu ya hayo.

Tena, umeandika "safari hii". Safari ya kwanza ilikuwa lini? Sikuulizi. Ila uliporudi likizo iliyopita viatu vyako vilikuwa vimelika ncha za mbele, vyote viwili. Ile si soli ya mtu anayeingia darasani. Ni soli ya mtu aliyesimama nje ya mlango wa ofisi, kanyanyua visigino, anachungulia kioo cha juu. Lakini sikuulizi.

Babu yako,
Asiyeuliza


Bwenini, 3 Aprili

Shikamoo babu,

Sisi hatujambo. Mwenzangu wa kitanda cha juu kaanguka, ila kaangukia vitabu vyangu, kwa hiyo mzima. Mpongeze mama kwa televisheni.

Nina miadi na msimamizi baada ya nusu saa, naandika mbiombio. Jina: jaza jina lolote unalomtambulia mteja wewe mwenyewe, mradi pasibaki patupu. Chochote! Mfumo haujali, unachotaka ni namba ya simu iwe sahihi. Kuhusu soli zangu, mimi hutembea hivyo.

Mjukuu wako


Dukani, 28 Aprili

Kidolegumba,

Marahaba, na pole kwa vitabu vyako. Hapa kwema. Mama yako alikuja kunikagua, akanikuta nimevaa miwani nagusa kioo kwa kidole kimoja, akaondoka bila neno. Nilidhani kaugua.

Nimemaliza, na safari hii si uongo. Jozi mia na kumi na mbili, moja baada ya moja, wiki tatu nzima. Namba nimezisoma mara mbilimbili kutoka kwenye soli. Majina nimejaza kama ulivyoagiza, kila mtu na la kwake, sikumwonea yeyote. Mengine nimeyafikiria mpaka chai ikapoa.

Babu yako,
Mtaalamu


Bwenini, 6 Mei

Shikamoo babu yangu kipenzi, babu wa mababu,

Hapa wazima, tena tunacheka. Nimeona rekodi zako! Mfumo huniletea nakala kila jioni. Mia na kumi na mbili! Wenzangu wana wateja wanne au watano, mmoja kaandika binamu zake. Majina sijapata nafasi ya kuyapitia kwa sababu nina michoro kumi na mmoja ya kupaka rangi, lakini idadi imenitoa machozi.

Sasa mambo mawili. La kwanza, Jumatatu nawasha sehemu ya ujumbe. Mfumo wenyewe utawatumia wateja wote kwenye simu: "Ndugu fulani, viatu vyako viko tayari, karibu uvichukue." Pale penye "fulani" mfumo utajaza jina kutoka kwenye rekodi zako. Na jozi yoyote iliyozidi siku tisini, hata ikiwa umeandika BADO, mfumo utaihesabu kuwa tayari, maana hakuna kiatu duniani kinachoshonwa miezi mitatu.

La pili, mhadhiri atafika dukani Jumatano hiyohiyo. Nakusihi, mpokee kwa heshima. Usimtanie. Usimtazame miguu.

Halafu swali dogo. Kuna jozi moja ina siku elfu moja mia moja ishirini na sita, na bado umeiandika BADO. Imeniharibia mchoro, nguzo yake inatoka nje ya karatasi. Ina ubovu gani huo?

Mjukuu wako mwenye furaha


Dukani, 14 Mei

Kidolegumba,

Marahaba. Wote wazima, na tumeongezeka. Utaona.

Jumatatu saa tatu asubuhi akaingia wa kwanza, simu kainyoosha mbele kama polisi anayeonyesha kitambulisho. "Mzee! Nani hapa anaitwa Vuta-Mbuzi?"

"Tembea kidogo," nikamwambia.

"Nitembee wapi?"

"Mpaka mlangoni, urudi."

Akatembea. Akarudi. Alipofika katikati akasimama akautazama mguu wake wa kushoto kama mgeni aliyeingia bila hodi. "Miaka yote hii," akasema, "mke wangu analalamika kapeti la sebuleni limelika, mimi nawasingizia watoto." Nikampa viatu vyake, akaondoka polepole, anaunyanyua.

Nyuma yake Kesi-na-Ardhi, kaja na mkewe, kanuna. Mkewe anacheka mpaka anajishika ukutani. "Basi mzee, na mimi ulinipa lipi?" Nikamwambia yeye ni Mchanga-Unauma. Akaacha kucheka, akaanza mumewe. Kufika saa sita koridoni hapapitiki. Wengine hawakuwa na kiatu kwangu hata kimoja, wamekuja tu kuniuliza wao wangeitwaje. Rafu ya juu imekwisha, ya kati imekwisha, nimeona rangi ya ukuta ambayo niliisahau.

Jumatano akaja mhadhiri wako. Nimempokea kwa heshima zote, nikamkaribisha, nikamfutia kiti. Miguu sikumtazama. Lakini viatu je? Hukunikataza viatu, na cha kulia kilikuwa kimeachama mbele kama mamba anayepiga miayo. Nikamwambia, "Vua, mwalimu." Akasema hakuja kwa ajili hiyo. Nikamwambia mimi niko hapa kwa ajili hiyo. Akavua. Nikamwazima kandambili, moja ya bluu, moja nyekundu.

Akauliza, "Mzee, mfumo huu umekusaidia?"

"Umenimaliza," nikamjibu. "Nilikuwa na rafu, sasa nina mbao."

Akaandika. Akataka nijaze rekodi mbele yake, aone. Nikajaza viatu vyake hivyohivyo. Alipoinama kusoma jina nikalifunika kwa kiganja, nikamwambia habari za mteja ni siri. Akasema wafanyabiashara wengi wakubwa hawalijui hilo. Akaandika tena, kurasa mbili. Kaondoka na kandambili zangu, viatu vyake nitavimaliza wiki ijayo.

Fundi cherehani naye alipata ujumbe. Alikuja, akachukua viatu vyake.

Karatasi imeniishia.

Babu yako


Bwenini, 27 Mei

Shikamoo babu,

Hapa hatujambo, ingawa mimi juzi kidogo nife kwa aibu. Barua yako ya tarehe kumi na nne imenifikia tarehe ishirini na tatu. Karani wa mizigo alikuwa ameikalia, anasema kiti chake kigumu. Mnafanana. Nikaisoma siku moja BAADA ya kutetea mradi. Ingenifikia siku mbili mapema ningejificha chini ya kitanda.

Tarehe ishirini na mbili, saa nne na dakika kumi asubuhi, ulibonyeza TAYARI. Saa nne na dakika kumi mimi nilikuwa nimesimama mbele ya jopo la wahadhiri watano, nimevaa suti ya kuazima, naeleza mchoro wa saba. Simu ikalia mezani. Ya msimamizi wangu. Akaitazama. Akaendelea kuitazama. Mkuu wa idara, aliyekaa pembeni yake, akaiinamia akasoma kwa sauti, chumba kizima kikasikia: "Ndugu Ruka-Dimbwi, viatu vyako viko tayari, karibu uvichukue."

Msimamizi akaniuliza, "Jina hili limeingizwa na nani?"

"Na mtumiaji, mwalimu."

"Kwa maelekezo ya nani?"

"Yangu, mwalimu." Babu, sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Akasimama. Akatembea mpaka dirishani, akarudi, mbele ya wote, huku akitazama miguu yake. Na kweli, babu, wewe ni mchawi. Anainua magoti utafikiri sakafu nzima ina maji. Miaka minne namwona, sikuwahi kuona.

"Ni kweli," akasema. Halafu akawageukia wenzake. Na hapa ndipo nilipotaka nisikueleze, ila umeshajua kwenye soli. Mwaka jana nilifeli mradi huu. Nilitengeneza mfumo wa hospitali ambayo haipo. Nilibuni wagonjwa mia tatu nikiwa nimelala kitandani, na msimamizi akagundua kwamba wote waliugua siku moja wakapona siku moja. Miezi mitano nilisimama nje ya ofisi yake kuomba nirudie. Mama nilimwambia chuo kimeongeza mwaka.

Basi akawaambia, "Mwanafunzi huyu mwaka jana alituletea watu wa kubuni. Mwaka huu kaleta wa kweli. Hakuna mwanafunzi anayeweza kumbuni Ruka-Dimbwi." Kisha akacheka. Babu, alicheka! Mkuu wa idara alidhani anakohoa, akamsogezea maji.

Nimefaulu. Wamenitaka marekebisho madogo, jina la mteja lisiwe la lazima tena na ujumbe usilitaje. Nahitimu mwezi wa nane.

Jana nikakaa hatimaye kuyapitia majina yako, yote. Nimecheka mpaka mwenzangu wa juu kaomba ahamishwe. Wateja mia na kumi na mmoja umewabatiza unavyojua wewe. Mmoja tu umemwandika jina lake halisi, la kwake, la baba yake na la babu yake, herufi zote mahali pake. Wewe usiyejua majina ya watu. Ni wa ile jozi ya siku elfu moja mia moja ishirini na sita.

Na ulisema karatasi imekuishia. Nusu ya ukurasa ilikuwa tupu, babu. Sikuulizi.

Mjukuu wako,
Mhitimu mtarajiwa


Dukani, 8 Juni

Kidolegumba, mhitimu wangu,

Marahaba, na hongera mpaka mdomo umechoka. Mama yako analia kwa furaha mbele ya televisheni zote mbili. Hilo la chuo kuongeza mwaka ataendelea kuliamini, mimi sina habari nalo. Masharubu ya mjomba wako yamekamilika, na sasa sote tunatamani yasingekamilika. Ruka-Dimbwi alifika Jumamosi kuchukua viatu vyake na kurudisha kandambili. Kaniletea na viatu vya mkewe, anataka kujua mkewe anaitwaje. Nimemwambia jina la mkewe nitamnong'oneza mkewe.

Kwa kuwa hukuuliza, nakujibu.

Viatu vile vilikuwa na ubovu wa dakika kumi. Nilivimaliza siku ileile alipovileta, nikavifuta, nikavipanga nyuma ya mkebe wa gundi. Alhamisi yake akavuka koridoni. "Bado?" Sijui nini kilinipata, nikasema bado. Akakaa kwenye kigoda, akanisimulia habari za mteja aliyepimwa suruali huku kavuta tumbo ndani. Alhamisi iliyofuata, bado. Ndiyo hivyo, mpaka kigoda kikavunjika, akahamia kwenye boksi lako, mimi nikabaki kukaa upandeupande. Bibi yako alipoondoka duka hili lilikuwa na sauti ya nyundo tu. Mama yako hataelewa kwa nini sihamii kwake, na usimweleze.

Ujumbe wako ulipomfikia alisimama mlangoni na simu mkononi. "Kumbe viko tayari?"

"Mashine ndiyo inasema," nikajibu.

"Na wewe unasemaje?"

Mjukuu wangu, mdomoni nilikuwa na misumari. Minne tu. Ningeweza kuitema. Nikaashiria rafu. Akachukua viatu, akavivaa palepale, vikamkaa vizuri, akaenda zake. Tangu siku hiyo nikawa naisikia cherehani yake ng'ambo, kr-kr-kr, na Alhamisi tatu zikapita bila mtu wa kuniuliza kitu.

Alhamisi hii kaja. Kaleta jozi nyingine, ndala nzuri za ngozi, mkanda wa kulia umekatika. Nikaugeuza. Mkanda unaokatika wenyewe huwa na nyuzi kama masharubu ya mjomba wako yalipokuwa yanaanza. Huu umekatwa na mkasi, tena mkasi mkali wa fundi, kato moja, umenyooka kama pindo la suruali mpya.

Safari hii nilitema misumari yote, mmoja umeingia kwenye chai, bado sijauona.

"Ubovu huu ni mkubwa," nikamwambia. "Utachukua muda."

"Muda gani?"

"Siwezi kusema."

"Haya," akasema, akavuta boksi, akakaa.

Sasa, mjukuu wangu, ipo ahadi ya tarehe kumi na tatu Machi, kwa mkono wako, kitu kimoja chochote. Niwekee kitufe pale karibu na TAYARI na BADO. Kiite BADO KIDOGO. Kisitume ujumbe, kisihesabu siku, kisionekane kwenye mchoro wowote. Sikitaki kwa wateja wote, ni kwa jozi moja tu, na jina lake unalo. Fanya haraka ukiweza, kabla ya Alhamisi.

Babu yako